Keni ya Sampuli

Saa 3:25 asubuhi mkoba wa kumi na nne uliingia kwenye buti ya gari la kukodi, Shiling, mji wa mikoba ulio kaskazini mwa Guangzhou. Afisa Kasmir aliifunga buti kwa kiwiko. Mkono mmoja ulikuwa na simu, mwingine na kikombe cha chai ya maziwa yenye gololi za muhogo.

"Huu mwekundu ni wa wifi yako," alimwambia Sihaba. "Nikirudi mikono mitupu nalala sebuleni."

Sihaba alitazama saa. Ukaguzi kiwandani ulipangwa saa 2:00.

Alikuwa na miaka tisa Guangzhou, akiwakalimania wafanyabiashara na kuwakagulia mizigo. Safari hii halmashauri ya wilaya ya kwao, Tanzania, ilimteua kuwa wakala wa kuthibitisha keni 1,200 za maziwa, lita ishirini kila moja, za mradi wa serikali wa kusaidia wafugaji wadogo. Mkataba ulitaja chuma cha pua daraja la 304. Kasmir ndiye aliyekuwa afisa wa mradi, na alitumwa kushuhudia. Kontena lisingefungwa bila sahihi mbili: ya afisa na ya wakala.

Ndani ya gari simu ya Sihaba ilileta ujumbe wa sauti wa mama yake.

"Sihaba mwanangu, majina yamebandikwa kwa mtendaji. Mie wa mia tatu na kumi na nane. Jana wamenimwagia tena maziwa pale kituoni, lita kumi na moja, wanasema dumu la plastiki marufuku. Hizo keni zije upesi. Ng'ombe hasubiri mradi."

"Kumbe bi mkubwa naye yumo!" alisema Kasmir. "Basi leo unamfanyia kazi mama yako."

Kiwanda kilikuwa dakika ishirini mbele. Mwenye kiwanda, laoban Liang, aliwapokea ofisini kwa chai na keni ya sampuli juu ya meza. Sihaba alitoa mkobani chupa ndogo ya dawa ya kupimia chuma na betri ya mraba. Alidondosha tone moja kwenye kitako cha keni, akaligusisha betri. Tone lilibaki bila rangi. Ilikuwa 304.

Walikwenda ghalani. Keni zilipangwa hadi usawa wa dirisha, kila moja ikiwa na muhuri: 304. MSAADA WA SERIKALI. HAIUZWI. Alidondosha tone kwenye keni ya kwanza. Baada ya sekunde nne likawa jekundu. Alichukua nyingine safu ya tatu, nyingine safu ya kumi, nyingine chini kabisa. Alipima kumi na mbili. Zote kumi na mbili zilitoa rangi nyekundu. Ilikuwa 201, daraja la chini.

Chuma cha 201 hung'aa vilevile kikiwa kipya. Kikioshwa kila siku kwa maji ya dawa na kukaa na mabaki ya maziwa yaliyochacha, huota kutu kwenye maungio. Kituo cha maziwa hukataa keni yenye kutu kama kinavyokataa dumu.

"Laoban, hii ni 201," Sihaba alisema kwa Kichina.

Liang hakukana. "Mei wenti," alisema, hakuna tatizo, akafungua simu. Ujumbe ulikuwa wa siku kumi na tisa nyuma, umetoka kwa namba ya Kasmir, umetafsiriwa na mashine. Sihaba aliusoma kwa Kiswahili, kwa sauti: "Tumia chuma cha bei ndogo. Muhuri ubaki 304. Sampuli isibadilishwe."

Kasmir alifyonza gololi ya mwisho kwa mrija, akaitafuna hadi ikaisha.

"Dada yangu, wewe umesoma. Mtu anakamulia kwenye dumu la mafuta ya kula. Ukimpa keni inayong'aa, atauliza daraja?"

"Kituo kitaikataa."

"Baada ya mwaka. Mwaka kesho ni bajeti nyingine."

"Sisaini."

"Usiposaini, haziji. Mama yako ataendelea kumwagiwa maziwa. Ndicho unachotaka?"

Sihaba aliifunga chupa ya dawa. Sehemu hiyo ilikuwa kweli.

Walirudi ofisini. Kasmir aliichukua keni ya sampuli, akakata utepe wa gundi, akaandika kwa kalamu nene: MAMA SIHABA, 318. Aliubandika ubavuni.

"Hii umeipima mwenyewe. Bi mkubwa hataona kutu maishani mwake. Tumemaliza?"

Sihaba alitoka nje. Saa 8:14 mchana, nyumbani ikiwa saa 3:14 asubuhi na ofisi zimefunguliwa, alituma ripoti kwenye anwani ya malalamiko iliyochapishwa kwenye mkataba: picha kumi na mbili za matone na moja ya ujumbe. Jibu lilifika saa 8:31. *Taarifa yako imepokelewa na kupelekwa kwa afisa wa mradi kwa hatua zaidi.*

Aliporudi ndani, simu ya Kasmir ililia juu ya meza. Alisoma, akapitisha kidole kwenye picha moja moja.

"Unapiga picha vizuri," alisema. "Ila hii ya tatu umetingishika."

Fomu ilitaka sahihi ya wakala bila kutaja jina, kwa hiyo akampigia Burhani.

Burhani, wakala mwingine, mtu wa Unguja, alifika saa 10 kasoro kumi kwa teksi kutoka Zhanxi, alikokuwa akifunga mizigo ya viatu.

"Sihaba, bibi wee, unatutia aibu kwa wageni. Kumi na mbili katika elfu na mia mbili, ndo nini?"

"Pima zilobaki. Chupa hii hapa."

"Mie nimeitwa kusaini. Kupima sikuitwa."

"Na mashine za boti za wavuvi, mradi ujao, umeshapewa?"

"Nimeahidiwa."

"Mwombe Mungu ziwe zinaelea. Haya, andika jina kwa herufi kubwa, lisomeke."

Burhani alicheka, akasaini fomu juu ya mfuniko wa keni.

Upakiaji ulianza saa 10:20. Vifaa vya mradi vilisamehewa ushuru, hivyo Kasmir alielekeza mikoba yake iingizwe ndani ya keni za mbele, mmoja katika kila keni. Mwekundu haukupita mdomoni. Aliukunja mwenyewe, akausukuma kwa ngumi.

Sampuli ilikuwa ya mwisho, ya 1,200. Ilisimama kando ya mlango wa kontena na utepe wake. Kasmir alikuwa akipigwa picha na Liang, wameshikana mikono. Sihaba aliinama, akaubandua utepe, akaufuta ubavu kwa kiganja hadi gundi ikatoka.

Mfanyakazi wa kitoroli alimuuliza iwekwe wapi.

"Popote," alisema Sihaba.

Mfanyakazi aliipandisha, akaichomeka kati ya nyingine. Aliporudi nyuma hatua mbili na kitoroli chake, Sihaba hakuweza tena kuitambua.

Saa 11:42 jioni milango ilifungwa na lakiri ikabanwa.