Salamu Baadaye

Kijisanduku cha jirani yangu Emerance kiko juu ya paa la duka langu la vitenge hapa Kamembe, na nilikubali kikae pale ili tu aache kunibembeleza. Ni redio ndogo yenye antena na betri inayochajiwa na jua. Unaandika kwenye simu, na maneno yanaruka kutoka kijisanduku kimoja hadi kingine, kilima kwa kilima, bila mtandao wa kampuni yoyote. Kimoja kiko kwangu, kingine Gashonga kwa Anastase, mkulima wa ndizi, na cha mwisho kiko Bugarama kwenye kinu cha mpunga. Hicho anakitunza Mukandori, mama mzazi wa Emerance.

Mama huyo alimtoa binti yake jasho. Redio hizi hupokea maneno machache tu, kisha hukata. Sasa mwambie mama aliyekulia Kongo aseme shida yake kabla hajasalimia! Kila Jumapili, siku ya majaribio, ujumbe wake ulifika hivi: "Jambo mwana yangu, uliamka muzuri, ulikula, kazi je, batoto je, majirani je, Maman Zulaikha iko aje, bwana yake je, duka yake je, soko je, mvua je," ukakatika hapo. Maman Zulaikha ni mimi. Kama nyumba ilikuwa inaungua, tusingejua. Emerance akaweka sheria: habari kwanza, salamu baadaye. Mama akaitikia ndiyo, na Jumapili iliyofuata akamsalimia hadi mbuzi wangu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kisha ikaja mvua ile ya Aprili. Asubuhi mlima uliporomoka ukafunga barabara, mnara wa simu wa Bugarama ukazimika, na maji yakavuka mashamba ya mpunga yakaingia majumbani. Kila tuliyempigia kule hakupatikana. Emerance alikuja mbio dukani, akaketi juu ya marobota ya vitenge, na mara simu yake ikalia.

"Maji imefika dirisha. Batu iko juu ya paa ya kinu. Leteni mashua."

Hakuna jambo, hakuna mwana yangu. Niliona uso wake ukibadilika.

"Huyu haiko mama," akasema. "Mama haezi andika bila kusalimia. Muntu mwingine amekamata redio."

"Basi muulize mama iko wapi!"

"Hapana, Maman Zulaikha. Kila muntu iko na mama yake kule. Na betri yao haina jua leo."

Nilimwita moyo wa jiwe, Mungu anisamehe, maana hasira zangu ziko karibu. Yeye alikuwa tayari anawapigia waokoaji. Ujumbe ukaendelea kuja. "Batoto kwanza." "Muntu moja amevunjika muguu." "Ukuta ya nyuma inaanguka, pitieni mbele." Yote makavu. Kila ulipoingia mmoja alijibu kilichohitajika, basi, wala hakuuliza habari za mama. Nilimstahi mno siku ile. Mimi ningekuwa nimeshalia mpaka sokoni wanisikie.

Mchana waokoaji wakapiga simu kutoka kilimani, walikozunguka barabara iliyofungwa: mashua zimeingia majini. Kisha redio ikanyamaza, na Emerance akaacha hata kunywa chai niliyompa. Tulikaa hivyo mpaka simu ikalia tena.

"Jambo mwana yangu. Uliamka muzuri? Ulikula? Batu bote balitoka, mi niko wa mwisho, niko mu mashua. Salimia Maman Zulaikha, na bwana yake, na ile mbuzi, na"

Ukakatika hapo.

Emerance alijikunja kwenye vitenge akalia kwa sauti, nami nikalia naye mbele ya wateja. Kumbe ni yeye aliyeandika tangu asubuhi! Mama yule, ambaye hajawahi kunyima mtu salamu, alizizuia zote juu ya paa lile mpaka mtu wa mwisho atoke.

Emerance akaanza kujibu. Akaandika, akaandika, simu ikakataa: maneno yamezidi.

"Punguza," nikamwambia.

Hakupunguza hata neno. Aliyagawa vipande vitatu akavituma vyote, na salamu za mbuzi wangu zikaenda katika kile cha mwisho.