Nyasi za Chini ya Mkuyu

"Weka shoka chini, Ngosha! Mti huu hauna kosa," alisema Eugenia, mtunza bustani."

Ngosha, kibarua, alisita. Gome la mkuyu lilikuwa limeshapata jeraha moja, na utomvu mweupe ulichuruzika hadi kwenye ukoka uliokufa kwa mara ya tatu, wenye rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

Meneja Pius alikuja mbio kutoka baraza ya hoteli. Hoteli ilikuwa ya umma hadi mwaka uliopita. Sasa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitaka bustani ya kijani kuanzia ngazi hadi ziwani ifikapo mwisho wa Mei, siku ya ufunguzi. Tangu aje, Pius hakuwahi kumwamkia Eugenia, ingawa mwanamke huyo alikuwa na umri wa mama yake.

"Mara tatu umepanda, mara tatu zimekufa," alisema. "Kivuli kinaua nyasi. Tunakata."

"Kivuli kinaua ukoka, meneja. Ukoka unataka jua. Mlileta ukoka, nikapanda ukoka. Safari hii nichague mwenyewe."

"Ukishindwa?"

Eugenia aliutazama mkuyu. Alikuwa amefagia majani yake kwa miaka kumi na tisa. "Ukate. Na mimi niondoke siku hiyo hiyo."

Ngosha alicheka. "Wahaya bwana! Hata nyasi mmezisomea?"

"Tumezipalilia. Wewe Msukuma chunga ng'ombe wako, nyasi niachie mimi."

Kesho yake alivuka kwa kivuko hadi Busisi, ng'ambo ya pili. Nyasi zilizong'aa juani alizipita bila kuzitazama. Alikwenda kuinama chini ya miti ya ufukweni, mahali ng'ombe walipojilaza mchana, akang'oa zile zilizobaki mbichi kivulini na chini ya kwato. Alipata aina tatu. Ya tatu vidole viliitambua kabla ya macho: jani pana, ncha butu kama ulimi wa mbuzi, shina bapa linalotambaa na kutia mizizi kila kifundo.

Adui yake! Utotoni, huko Kagera, alichapwa kwa kuiacha migombani. Ukiing'oa leo, kesho iko palepale kivulini, imenenepa.

Alipanda mistari mitatu chini ya mkuyu, kila aina mstari wake. Mvua za Machi zikashuka. Wiki ya tatu mstari wa kwanza ulifika magotini, wa pili ukasimama mafungumafungu kama nywele za mgonjwa, na wa tatu ulikuwa bado umelala chini.

"Huo wa kwanza umeshinda!" alisema Pius. "Tazama unavyokua."

"Haukui, unakimbia. Unatafuta jua, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta." Eugenia alivuta jani moja refu. Lilikuwa jembamba, la manjano shinani, na lilitoka bila kung'ang'ania. Kisha alishika la mstari wa tatu. "Hili nalo vuta wewe."

Pius alivuta. Akavuta tena, kwa mikono miwili. Jani lilikatika, mizizi ikabaki.

"Duh!" alisema Ngosha.

Siku hiyohiyo Eugenia aling'oa mistari miwili. Ule wa tatu aliukata vipande vipande na kuupanda shubiri kwa shubiri hadi kwenye mawe ya ziwani. Aprili vipande vilishikana mikono. Mei hapakuonekana udongo.

Asubuhi ya ufunguzi, kabla mgeni yeyote hajafika, Eugenia alivua ndala na kutembea katikati kabisa ya kivuli, polepole, kichwa juu, kama bibi harusi. Umande ulimfika vifundoni. Alipogeuka alimwona Pius amesimama ukingoni, viatu vyake vyeusi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, baba. Hazivunjiki."

Alipita. Ngosha naye akafuata, akikanyaga kwa ncha za vidole. Eugenia aliwaacha, akaenda kuchuchumaa penye jeraha la mkuyu. Midomo ya gome ilikuwa imeanza kufumba. Chini yake, tawi moja la nyasi lilikuwa limeukwea mzizi, na kifundo chake cha mbele kilining'inia hewani, kikitafuta pa kushika.