Nguruwe wa Papa Barnabas

Alhamisi asubuhi Papa Barnabas alikuwa kazini, mlinzi wa geti la estate moja, mtaa wa kitajiri wenye ukuta, huko Midrand. Gari jeusi lilifika, akabonyeza kitufe cha kuinua chuma cha kuzuia magari, na mkono wake ukakataa kukiachia. Chuma kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Mwenye gari akapiga honi. Papa Barnabas akaanguka chini na viatu vyake vilivyong'arishwa, akatikisika, akatulia. Alipofumbua macho aliuliza kama gari limepita. Lilikuwa limepita.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari Nomsa akaiinua mbele ya dirisha, akaona madoa saba kwenye ubongo. Madoa mengi namna hii, alisema, yana sababu zake: kifua kikuu, majipu, saratani iliyosambaa kutoka kwingine, au mayai ya mnyoo wa nguruwe. Akasogea karibu zaidi. Ndani ya kila doa alilala nguruwe mdogo, kaegemea ubavu, masikio yamemfunika macho.

"Ni nguruwe," akasema, akaandika dawa.

"Dokta, mimi sijawahi kula nguruwe. Kanisa letu linakataza."

"Najua, baba. Anayekula nguruwe asiyeiva anapata mnyoo tumboni tu. Mayai ya mnyoo huo yanatoka anapokwenda chooni. Asiponawa, anayekula kutoka mikononi mwake ndiye yanayempanda kichwani. Wewe hukula nguruwe. Umekula mikono ya mtu."

Maelezo mazuri, na laiti yangeishia palepale. Lakini Papa Barnabas alimweleza mkewe, Mama Orpha, naye akayapeleka kwenye kikundi cha maombi, maana kwao mambo ya watu hayasengenywi, yanaombewa. Kufikia Ijumaa, mtaa wao wote wa Joubert Park ulikuwa unamwombea Papa Barnabas anayekula nguruwe.

Na hapo ndipo palipomuuma. Binti yake Héritière alikuwa anaolewa mwezi uleule, na kanisa lao lina sheria: anayekula nguruwe hutengwa, na mzazi aliyetengwa hamsindikizi mtoto madhabahuni. Suti alishanunua. Kila jioni alikuwa akifanya mazoezi ya kutembea polepole kwenye korido ya ghorofa yao, mkono kaukunja kwa ajili ya binti ambaye hayupo, na majirani wenye ndoo za maji walimpisha.

Jumamosi baada ya ibada wazee wa kanisa wakamwita mbele.

"Papa Héritière," alisema Mzee Elisée, "nguruwe hafiki kichwani bila kupita mdomoni. Kama kuna njia nyingine, tuonyeshe."

Papa Barnabas alisogea dirishani. Alitoa picha kwenye bahasha, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likaipiga. Nguruwe wakaamka. Mmoja mmoja wakashuka sakafuni, wakajikung'uta, wakapita katikati ya viti. Mama mmoja akavuta sketi yake kuwapisha, maana ilikuwa mpya. Walikwenda moja kwa moja kwa Pasta Pacifique, ambaye kila Jumamosi huumega mkate wa chakula cha pamoja kwa mikono yake mwenyewe na kuwalisha waumini mdomoni, na ambaye kila Jumatano hurudi kutoka kumwona mgonjwa huko Sandton, yeye mwenyewe akinuka moshi wa nyama choma. Wakalala juu ya viatu vyake, wakaanza kukoroma.

"Wanyama wanamjua mtu wa amani," alisema Pasta, akachukua mkate mwingine wa kumega.

Wazee wakajadiliana. Hoja ilibaki moja: nguruwe wametoka kichwani kwa nani? Kwa Papa Barnabas, na kila mtu ameona. Picha yenyewe kaileta mwenyewe, eish, sasa wamsaidieje? Akatengwa miezi mitatu. Wote walisikitika, hasa Mzee Elisée, ambaye alisema kichwa kinamgonga tangu asubuhi, akaomba kipande cha pili cha mkate. Uonevu ni uonevu hata ukiimbiwa, na waliimba beti zote.

Siku ya harusi Papa Barnabas alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ndani ya suti yake. Hakuwa ameanguka tena. Kichwa kilikuwa chepesi kama chumba ambacho wapangaji wamehama. Héritière aliingia akiwa ameshikwa mkono na Pasta Pacifique, nguruwe saba wakifuata pindo la shela, na watu walikubaliana kwamba walitembea vizuri. Alipofika kwenye kiti cha baba yake alisimama. Pasta akamvuta taratibu, wakaendelea.

Nje, mpiga picha aliwapanga ndugu kwenye ngazi. Bibi harusi na bwana harusi katikati, Mama Orpha kushoto, Pasta kulia, mahali pa baba. Lakini nguruwe walikuwa wakiingia miguuni mwa watu na kuharibu picha. Mpiga picha akatazama huku na huku, akamwona mtu mmoja aliyesimama peke yake.

"Papa, tafadhali, nishikie hawa kidogo."

Papa Barnabas akawapokea mmoja mmoja, wawili kwapani, wengine ndani ya koti la suti, akasogea pembeni. Mpiga picha akamwambia asogee kidogo zaidi, na akasogea.