Siku ya Kutoulizwa Maswali

Mtaa mzima ulimwita Tarehe, kwa sababu ndiye aliyeandika yale maneno madogo chini ya namba katika kalenda za shangazi yake, zile za kuchana karatasi moja kila siku. Kila karatasi ilikuwa na mistari mitatu: sikukuu, matukio ya kale, chochote kilichowahi kutokea siku kama hiyo. Shangazi, mwenye kiwanda cha uchapaji, hakutaka mstari mtupu. Mteja akiona weupe, alisema, anajiona kaibiwa.

Tarehe ishirini Julai ilimpa mistari miwili upesi. Siku hiyo mwaka 1969 binadamu walitua mwezini. Siku hiyo pia ni ya mchezo wa sataranji duniani. Mstari wa tatu ukagoma. Alipekua vitabu mpaka macho yakamwasha, na huku wateja wanachungulia mlangoni kila dakika: kadi zangu tayari? Bado? Kwa nini bado? Mwishowe hasira zikampanda, akaandika: Siku ya Kutoulizwa Maswali. Alikusudia kuufuta baada ya chakula cha mchana. Akala, akashiba, akasahau. Shangazi naye, katika kukagua, alisoma namba tu.

Mwaka ukageuka, kalenda zikauzwa, Julai ikaingia. Mstari ule hakuukumbuka tena. Alipomwomba fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara wafunge ndoa, yule dada alimjibu, "Jibu utalipata tarehe ishirini." Ilikuwa bado wiki mbili. Wiki mbili hizo kijana wa watu alikaa roho juu.

Siku yenyewe akanyoa ndevu, akapiga shati pasi, akatoka. Akamsalimu muuza magazeti, "Habari za asubuhi?" Muuzaji akaweka kidole mdomoni na kumwonyesha karatasi ya kalenda aliyoining'iniza kibandani. Hilo ni swali. Tarehe akajaribu hujambo. Swali. Mambo vipi. Swali pia, na safari hii alikunjiwa uso.

Hapo ndipo alipouona ukubwa wa balaa lake. Amewafungia watu salamu zote. Ilibaki shikamoo peke yake, maana shikamoo haiulizi kitu, basi watu wakawa wanaamkiana shikamoo ovyo, mkubwa kwa mdogo. Mwanamke mmoja wa miaka thelathini, aliyeamkiwa na babu mwenye mkongojo, alikuwa amenuna hawezi kutazamwa. Tarehe alipomnong'oneza kinyozi kwamba huenda mstari ule una kasoro, kinyozi alimcheka. Wa kwanza ni wa kweli, wa pili ni wa kweli, wa tatu nao uongo wake utoke wapi, akasema, kisha akajiziba mdomo kwa kuwa ameuliza.

Kwa fundi alikuta wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Fundi mwenyewe alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, utepe wa vipimo shingoni, karatasi ya tarehe ishirini ukutani juu ya cherehani. Tarehe akapiga moyo konde.

"Nimekuja," akasema. "Umekubali."

"Sauti imepanda mwishoni," akasema mteja wa kwanza.

Akarudia kama anayesoma risiti. "Umekubali."

"Imepanda tena, mwanangu," akasema wa pili.

Mara ya tatu aliishusha mpaka ikakwaruza.

"Sasa hiyo ni amri," akasema fundi bila kuinua macho. "Mimi siamrishwi. Kesho ipo, njoo kesho."

Kesho! Wiki mbili hajalala, halafu kesho, kwa ajili ya mstari aliouandika mwenyewe kwa hasira na njaa. Uvumilivu ukamwishia.

"Nisikilizeni nyote. Siku hii haipo. Haijawahi kuwepo popote duniani. Nilikosa cha kuandika, nikaitunga."

Pazia la chumba cha kujaribia nguo likafunguka, akatoka shangazi, gauni limejaa pini, mikono ameitanua asijichome. Akamwambia mpwa wake, polepole, kwamba kalenda yake haijawahi kudanganya mtu, kwamba yeye Tarehe atachapa karatasi ya kuomba radhi na kuipeleka nyumba kwa nyumba kwa miguu yake, na kwamba mwakani kila mstari atauleta na kitabu alimoutoa.

"Ndiyo, shangazi," akasema Tarehe.

Fundi akaweka sindano chini.

"Nilijua," akasema. "Niliitafuta siku hii kila mahali, sikuiona. Nikawaza, huyu anaandika watu wanaamini. Anayetunga siku anaweza kutunga na ahadi. Nikakuwekea tarehe hiyohiyo, nijue kama utasema kweli mbele za watu au utanyamaza usubiri kesho." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Nimekubali."

"Kweli?" ikamtoka.

Wale watatu wa kwenye benchi walimgeukia kwa pamoja, wakamwambia afunge mdomo. Akajitetea kwamba si wamesikia, siku ni ya uongo. Yule mteja wa kwanza akasema uongo au si uongo, yeye tangu alfajiri hajaulizwa na mtu soksi ziko wapi, na kabla jua halijazama hakuna wa kumnyang'anya siku yake.