Kipimo cha Kifua

Dada alivuta mara moja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akanirudishia ile sigara ya umeme kama kiatu kisichomwingia.

“Unataka kuniua, mdogo wangu? Hii si sigara, hii ni ekzosi ya lori.”

Wateja wawili dukani kwangu wakacheka. Mimi sikucheka. Wiki iliyopita daktari alikuwa amemwambia aache tumbaku au awaandae wanawe kwa msiba, nami nikajigamba kwamba dawa iko mezani kwangu. Kazi yangu ni koili, visongo vya waya vinavyogeuza maji ya ladha kuwa mvuke. Mtaani waliniita Bwana Wingu, kwa mvuke wangu mzito. Dada hakuwa amevuka hata kizingiti akiondoka, nikasikia kiberiti chake.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo kosa langu sikulisoma popote, nililiona. Siku ya tatu nilikwenda kwake kuchukua suruali aliyonishonea. Akawasha sigara, nami nikamtazama. Alivuta kidogo kidogo, midomo imebana kama inayoshika pini, akautuliza moshi mdomoni kabla ya kuumeza. Mimi huvuta kama mzamiaji aliyeibuka. Ile koili nilikuwa nimeifunga kwa kipimo cha kifua changu.

Suruali niliisahau kwake. Niliporudi dukani nikachukua waya mwembamba, nikauzungusha mara nane kwenye kijiti cha chuma, nikaukaza kwa skrubu. Nikabonyeza kitufe: ncha moja ikawaka kabla ya nyingine. Nikaikwaruza koili kwa kibano, nikabonyeza, nikaikwaruza tena, mpaka wekundu ukaanzia katikati na kutambaa sawasawa pande zote. Nguvu ya umeme nikaipunguza hadi nikaona haya. Mvuke wenyewe usingefukuza hata mbu.

Nikampa dada, akavuta. Hakukohoa. Akavuta tena.

“Mbona siku ile hukunipa hii?”

“Ujinga wangu, dada.”

“Huo naujua tangu unanyonya.”

Ikawa kila mwezi anakuja nimbadilishie pamba, ile inayokaa ndani ya koili na kuungua kadiri mtu anavyovuta. Ilikuja nyeusi. Baadaye ikawa ya kahawia. Mwaka wa pili nilifungua nikaikuta nyeupe, kama nilivyoiweka mwenyewe.

Nikamtazama; hata harufu ya tumbaku hakuwa nayo. Akajifanya anasoma bei ukutani.

“Kwani kuja kumwona ndugu yangu mpaka nilete kitu kibovu?”

Nikafunga kifuniko, nikamvutia kiti.