Ukuta Usiopigwa Lipu

Kristiana hakuwa mtu wa kujisifu. Alikuwa mtu wa kumsifu baba yake, na katika hilo hakuwa na breki. Waliokula kwenye mgahawa wake pale Mazwi, Sumbawanga mjini, walijua kwamba ukiagiza ugali kwa maharage unaletewa na habari za Baltazari, hizo bila malipo. Kwamba kule Kate, enzi ambazo kijiji kizima kililala chini ya nyasi, Baltazari alifyatua matofali yake mwenyewe, akayachoma mwenyewe, akainua nyumba ya vyumba vinne bila kibarua wala ndugu. Siku moja dereva wa lori akamchokoza: "Mama, wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa."

Kristiana akambwagia sahani mezani. "Cha baba yangu kilivunja," akasema. "Kula."

Wazee wake walipofariki nyumba ilifungwa, popo wakahamia darini. Lakini kila alipokwenda Kate kufyeka makaburi, Kristiana aliwaona watu wa mjini wakipita na magari yao kuelekea Kabwe kuliona ziwa, wamejaa vumbi, wanaulizia mahali pa kupumzika siku mbili tatu penye utulivu. Wanaambiwa hakuna. Ndipo wazo likamwingia, na wazo likishamwingia Kristiana halitoki mpaka litimie. Akamwachia binti yake mgahawa, akabeba godoro, akahamia Kate. Nyumba ya baba yake itakuwa nyumba ya mapumziko. Mgeni atalala kwenye kitanda cha mninga, ataamka na ubaridi wa Ufipa, atakunywa uji wa ulezi barazani huku akitazama vilima, na juu ya mlango atasoma maneno yanayostahili kusomwa.

Bango lenye maneno hayo ndilo lililotengenezwa kwanza, kabla hata ya bati kubadilishwa: NYUMBA YA BALTAZARI. ILIJENGWA NA MTU MMOJA. Fundi wake, Modesti, alishauri waanze na paa kwa sababu mvua haisomi. Kristiana akamwambia apande juu basi, lakini bango liegemezwe barazani, watu walione.

Kazi ikaenda vizuri, hata yeye alishangaa. Bati jipya likaezekwa. Popo wakafukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Choo kikaingia ndani, sakafu ikasuguliwa mpaka ikang'aa, madirisha yakapata vioo. Jioni Kristiana alikuwa akisimama uwanjani mikono kiunoni, anaitazama nyumba, anacheka peke yake. Wageni wa kwanza walishapiga simu: mwalimu mmoja wa Mwanza aitwaye Sharon, na mumewe. Wangefika Jumamosi.

Zilibaki kuta mbili. Ya kwanza ilikuwa ya sebuleni, inayotazamana na mlango. Lipu yake ya zamani ilikuwa imevimba na kuachia kwa unyevu, na Modesti alisema hiyo haina dawa ila kubanduliwa yote na kupigwa upya. Ya pili ilikuwa chumbani kwa wazee, upande wa kitanda. Huo ukuta haukuwahi kupigwa lipu kabisa. Baltazari alikuwa akisema saruji ilimwishia pale, akatundika mkeka mkubwa kuuziba, na mkeka ukakaa. Watoto hawakuwa wakiingia chumbani kwa wazazi, hiyo ni heshima, na hata alipomuuguza mama yake, Albina, siku za mwisho, Kristiana hakuwa na moyo wa kufunua mikeka. Alijua tu kwamba ndipo dosari pekee ya nyumba ya baba yake ilipo.

"Baba aliishiwa saruji," alimwambia Modesti. "Mimi sijaishiwa. Ukimaliza sebule, maliza na kule."

Modesti akaanza na nyundo na tindo. Lipu ikawa inadondoka mapande kwa mapande, vumbi likajaa, Kristiana akatoka kwenda kuosha vyombo nje. Mara nyundo ikanyamaza.

"Mama," fundi akaita. "Njoo uone."

Ukutani, matofali yalikuwa na alama. Moja lina msalaba. Jingine mistari mitatu. Jingine mguu wa kuku, umechorwa kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi. Hapa alama za vidole gumba viwili zimekaa pamoja. Msalaba tena, mistari tena, mguu wa kuku tena, kutoka sakafuni hadi darini.

"Watu wakichoma tanuru moja huwa wanatia alama," Modesti akasema kwa upole. "Ili kila mji, yaani kila kaya, ujue matofali yake."

"Baba hakuchoma na mtu," Kristiana akamkata.

Ndipo mlangoni pakasikika hodi. Alikuwa Bibi Lucia, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye Kristiana alimwita mama mkubwa tangu akiwa mtoto. Bibi Lucia alikuwa amebeba beseni la maharage mapya, zawadi ya kufungulia nyumba. Kristiana akapokea beseni, akapiga goti, akaamkia. Bibi akaitika shikamoo nusu tu, maana macho yalishafika ukutani.

Akaenda moja kwa moja kwenye tofali moja karibu na dirisha, lile la vidole viwili. Akakitia kidole gumba chake kwenye alama ya kushoto. Kisha akakihamishia kwenye ile ya kulia, kubwa zaidi, akakiacha humo.

"Marselino wangu huyu," akasema.

Marselino alikuwa mumewe. Alishazikwa miaka mingi iliyopita.

"Mama mkubwa, sijakuelewa," Kristiana akasema.

Bibi Lucia akavuta kigoda, akakaa kuutazama ukuta. "Baba yako alifyatua matofali yake kweli. Mengi, mazuri. Lakini hakuwahi kuyachoma. Mvua ya kwanza iliwahi mwaka ule. Ilimkuta ameyaanika uwanjani, mabichi. Kulipokucha yalikuwa tope. Naye ameshawaambia wakwe kule Chala kwamba Albina haingii kwenye nyasi, anaingia kwenye nyumba ya matofali aliyojenga mumewe kwa mikono yake. Ameshatamba. Unamjua baba yako."

"Namjua."

"Sisi wengine tulikuwa tumeshafungua tanuru letu. Kila mji ulitaka kujenga wake. Kasimiri, Leonsi, Eustaki, sisi. Tukakaa, tukasema: Baltazari akiaibika ukweni ameaibika nani? Kijiji kizima kitaitwa kijiji cha waongo. Tukampa. Tukabeba, tukajenga naye, akapiga lipu haraka wakwe wasione alama. Na tukakubaliana: nyumba hii ameijenga Baltazari. Peke yake."

"Na ninyi mkajenga na nini?"

"Kujenga?" Bibi Lucia akacheka. "Mimi nilikaa kwenye fito na udongo mpaka mtoto wangu Christopha alipoanza kutembea. Baba yako alirudisha matofali kidogo kidogo, kila kiangazi. Hana deni na mtu. Lakini neno tulilolisema lilibaki neno."

Kristiana akakumbuka vilabu vyote vya pombe ya ulezi, harusi zote, ubatizo wote, baba yake amesimama katikati ya watu na kusema: nyumba ile niliijenga kwa mikono hii miwili. Na watu hao hao, Kasimiri, Leonsi, Eustaki, Marselino, wakitikisa vichwa: kweli kabisa, Baltazari, tulikuona. Uso ukamwaka moto. Aliona kana kwamba maisha yake yote Kate nzima ilikuwa ikimcheka kisogoni. Akaona bango barazani. Akamwona yule dereva wa lori.

Hasira ya Kristiana haikuwa ya kungoja foleni.

"Baba yangu hakuwa mtu wa kubebwa," akasema. "Amelala kaburini hawezi kujibu, ndiyo mnakuja kugawana nyumba yake? Modesti! Koroga saruji. Ziba huo ukuta leo leo. Na wewe mama mkubwa, chukua maharage yako."

Modesti akainamisha kichwa. Kumrudishia mtu zawadi mkononi, tena mtu mzima, tena maharage ya kufungulia nyumba, ni jambo ambalo Wafipa hawalitendi hata kwa adui. Bibi Lucia akanyanyuka taratibu, akalichukua beseni lake, akaliweka kichwani.

"Nyumba njema, mwanangu," akasema, akatoka.

Fundi akaanza kukoroga. Kristiana akaingia chumbani kwa wazee kwa kishindo. Kama ni kuziba, kuta zizibwe zote. Akapanda kwenye kitanda kitupu cha baba yake, akaushika mkeka, akaung'oa na misumari yake ya juu, maana chini ulikuwa umeachwa huru kufunuliwa.

Ukuta ulikuwa mzima kutoka pembe hadi pembe, umejengwa vizuri kuliko wa sebuleni, na haukuwa ukuta wa mtu aliyeishiwa kitu. Matofali yake mengi hayakuwa na alama upande huu. Lakini katikati, usawa wa macho ya mtu aliyelala, ulipita mstari mmoja wa matofali yenye alama, na hapakuwa na alama iliyojirudia. Msalaba, mmoja. Mistari mitatu, mara moja. Mguu wa kuku. Vidole viwili. Miji yote iliyompa, kila mji na tofali lake moja, yamepangwa kwa uangalifu na mtu aliyetaka kuyaona. Na yalikuwa yamelainika, yanang'aa kidogo, kama mpini wa jembe la zamani unavyolainika kwa kushikwa.

Kristiana akajilaza pale baba yake alipokuwa akilala. Akageuza uso ukutani. Akanyoosha mkono, na mkono ukafika bila kujivuta.

Kwa hiyo mchana alitamba, na usiku aliwashika mikono. Miaka yote ile. Kristiana akalia, akalia kwa sauti, na alipomaliza kulia alijikuta ana fahari ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku ile bango lilipoletwa. Alikuwa amezoea kujivunia mtu mmoja. Sasa kifua kilimjaa watu.

"Modesti!" akapaza sauti. "Acha hiyo saruji!"

"Nimeshakoroga, mama!"

"Kazibie mashimo ya barabarani!"

Akavuka barabara bila viatu. Bibi Lucia alikuwa jikoni kwake anachambua maharage yale yale. Kristiana akapiga magoti mlangoni, magoti yote mawili, akapiga makofi polepole kama anavyotakiwa mkosaji.

"Mama mkubwa, nimekuja kuchukua maharage yangu."

Bibi akaendelea kuchambua. Akatoa kokoto moja, akaitupa. "Yako? Mimi hapa nina ya kwangu."

"Nimekosa, mama. Nimekosa sana. Njoo uone kitu nyumbani."

Ilibidi amvute mkono kuingia chumbani kwa Baltazari, maana bibi alisita kukanyaga chumba cha watu wawili wasiokuwepo. Alipouona ule mstari wa matofali, akakaa kitandani, akauziba mdomo kwa kanga.

"Hili hatukulijua," akasema. "Huyu mtu! Hili hakutuambia." Kisha akacheka machozi yakimtoka. "Albina lazima alijua. Mwanamke halali na ukuta miaka yote hiyo asiuulize. Naye akanyamaza! Tulidhani tunamficha yeye."

Siku hiyo maharage yalipikwa kwenye nyumba ya Baltazari.

Jumamosi Sharon na mumewe walifika wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Walikuta baraza limejaa watu, kwa sababu Kristiana alikuwa amepita mji kwa mji: watoto wa Kasimiri, wajukuu wa Leonsi, na mzee Eustaki mwenyewe na fimbo yake, amevaa koti la harusi. Uji wa ulezi ulikuwa tayari. Ukuta wa sebuleni ulikuwa wazi, umesuguliwa na kupakwa vanishi, alama zote zinaonekana. Bango halikuwepo. Modesti alikuwa amelipindua na kulifanya rafu ya jikoni.

Sharon akaweka begi chini, akazunguka akishangaa. "Nyumba nzuri jamani! Nani aliijenga?"

Mzee Eustaki akakohoa, akajiweka sawa kwenye fimbo.

"Baltazari," akasema. "Baba wa huyu mama."

"Na mafundi wake?"

"Mafundi wa nini? Peke yake. Hata kibarua hakuwa naye."

"Tulimwona kwa macho yetu," Bibi Lucia akadakia, uso mkavu, huku ameegemea ukuta, bega lake kando ya tofali lake na Marselino. Watoto wa Kasimiri wakatikisa vichwa. Kweli kabisa. Peke yake. Walikuwa wamefundishwa na baba yao.

Kristiana akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa tayari kuendelea. Wangeendelea mpaka wa mwisho wao azikwe, alama zao zikiwa zimewazunguka, wala wasidai hata jina.

Akamshika mgeni mkono, akampeleka ukutani, akakitia kidole gumba chake kwenye alama ya kwanza.

"Usiwasikilize hawa," akasema. "Ni waongo tangu sijazaliwa. Hapa ni Lucia. Hapa ni mumewe, Marselino. Njoo, nitakuonyesha wote walionijengea baba."