Sahara si Sahare

Mzee Habibu alikata roho asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Jina lake hasa lilikuwa Lehbib, Msahrawi wa Sahara Magharibi, mkimbizi aliyeletwa Tanzania na masomo akabakizwa Same na mke. Mke alishatangulia. Alibaki binti yao, Sumaiya, ambaye sasa alikaa sebuleni mikono mapajani, haoni uchungu wala njaa.

Miaka nenda rudi baba alizunguka sokoni, misikitini, hata kwa Walutheri wa Vudee, akidai uhuru wa kwao na kuomba watu saini. Kiwanja alikataa kabisa kununua, asije akazikwa humo. Huku Upareni, kwenu ni pale lilipo kaburi la baba yako, na yeye alilijua hilo vizuri.

"Msinizike ugenini," alimwambia Sumaiya. "Mtakuwa mmemsaidia aliyetufukuza."

Sumaiya aliahidi. Sasa maiti imeshaoshwa, na Shehe Idrisa anasubiri mlangoni aambiwe kaburi lichimbwe wapi.

Jirani yao Zebedayo akaingia na funguo za gari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Gari nimelijaza mafuta. Tukiondoka sasa, alasiri tuko Sahare."

"Sahare ipi?"

"Si ile ya Tanga? Kwao mzee."

Sumaiya alimkodolea macho. Huyu ndiye aliyesaini karatasi zote za baba, tena wa kwanza, na fulana ya bendera akaivaa mpaka ikachanika.

"Baba, kwani ulikuwa unasaini nini?"

"Si walikuwa wanadai wilaya yao?"

Siku nyingine angecheka mpaka mbavu zimuume. Leo alisikia tu, kama anayesikiliza bei ya vitunguu.

"Ni Sahara, baba. Jangwani huko, mbali. Walioichukua hawamruhusu kurudi."

"Hata maiti?"

"Hata maiti."

Zebedayo alizitazama funguo, akazitia mfukoni. Sumaiya akatoka mlangoni, akamwambia Shehe wachimbe hapahapa Same. Ahadi aliivunja kwa sauti ya kawaida, bila chozi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Zebedayo alikuja na udongo kwenye viatu, akamshika bega.

"Usilie, mwanangu. Sasa na wewe una kwenu."

Sumaiya hakuwa akilia. Alianza hapo.